Kidole gumba kinachopanda

Bukavu, usiku wa mvua, umeme umeondoka tangu saa moja.

Nawaza juu ya kidole gumba cha mguu wa mtoto mchanga. Mlaze chali, awe ametulia na ameshanyonya. Pitisha ukucha wako kwenye ukingo wa nje wa unyayo: anzia kisiginoni, panda polepole kuelekea kidole cha mwisho, kisha ukate kona kwenye mto wa unyayo bila kugusa vidole vyenyewe. Kidole gumba kitapanda, vingine vitatanuka kama upepeo. Mfanyie hivyo dada yake wa miaka 5, kidole kitajikunja kwenda chini. Joseph Babinski alieleza alama hii Ufaransa mwaka 1896. Kwa mtu mzima, kidole kinachopanda ni habari mbaya. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka 2 hakimshtui mganga.

Wanaokosea hukosea kwa jambo dogo. Wakigusa chini ya vidole, mtoto anavikunja kwa sababu mguu wake una tabia ya kushika, kama kiganja. Wakipapasa kidogo mno, anatekenyeka na kuvuta mguu wote. Kisha wanaandika jibu la swali ambalo hawakuuliza.

Kinachotofautisha mtoto huyo na dada yake ni mielini, utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva. Ukiukausha, kama robo tatu yake ni mafuta, inayobaki ni protini. Vitabu vinaufananisha na mpira wa waya wa umeme. Sawa, lakini mpira unazuia tu umeme usivuje, na mielini inafanya zaidi: inaacha mianya midogo kila baada ya kipande, na ujumbe unaruka kutoka mwanya hadi mwanya. Uzi mtupu husafirisha ujumbe kwa mita 0.5 hadi 2 kwa sekunde. Uzi mnene uliovikwa vizuri hufikia hata mita 120.

Mimi naupenda zaidi mfano wa kitenge, ingawa nao una kasoro yake. Mama akijizungushia kitenge, mzunguko mpya unakaa juu ya ule wa zamani. Mielini hufanya kinyume. Ncha ya seli inapenya chini ya tabaka zilizotangulia, ikiambaa na uzi wenyewe, hivi kwamba tabaka changa kuliko zote ndiyo iliyo ndani kabisa. Katika ubongo na ugwe wa mgongo kazi hiyo inafanywa na seli zinazoitwa oligodendrositi, na moja inaweza kuvika vipande hata 50 vya nyuzi mbalimbali. Nje huko, mikononi na miguuni, seli ya Schwann inavika kipande kimoja tu. Kwa hiyo oligodendrositi moja ikifa, nyuzi nyingi zinavuliwa kwa mara moja.

Hapo ndipo hatari ya mtoto njiti. Kati ya wiki ya 24 na ya 32 ya mimba, seli zitakazokuwa oligodendrositi bado ni changa, na hazivumilii upungufu wa oksijeni wala maambukizi. Zinaumia hasa pembeni mwa vyumba vya maji vya ubongo. Nyuzi za miguu zinapita karibu zaidi na vyumba hivyo kuliko za mikono, ndiyo maana baadaye utamwona mtoto anashika kijiko vizuri huku miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi.

Sasa utaratibu wenyewe, ambao unawachanganya hata wanafunzi wa udaktari. Kwa jumla mielini inapanda: inaanza kwenye mizizi ya neva na ugwe wa mgongo karibu nusu ya mimba, inafuata shina la ubongo, kisha ubongo mkubwa, nyuma kabla ya mbele. Lakini njia ndefu inayoshusha amri kutoka ubongoni kwenda kwenye misuli huvikwa kuanzia juu kushuka. Inaanza wiki za mwisho za mimba, inafika kwenye sehemu ya shingo mapema, na sehemu ya kiuno inasubiri hadi karibu miaka 2. Basi mtoto anakaza shingo, anakamata kitu, anakaa, ndipo miguu inatii. Na kidole gumba kinaacha kupanda.

Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo mwaka 2006: kukaa bila kushikwa kati ya miezi 3.8 na 9.2, kutembea peke yake kati ya miezi 8.2 na 17.6. Huo upana niusisitize, maana jirani wa hapa Kadutu mwenye mtoto wa miezi 10 anayetembea hukosesha wenzake usingizi bure. Kumkalisha mtoto katika beseni lenye nguo pande zote hakuna ubaya; mazoezi yanasaidia misuli na hata neva. Ila uzi ambao haujavikwa haubembelezwi kwa kuvutwa mikono.

Kinachoweza kuiharibu kazi hii ni njaa ya vitu maalumu. Oligodendrositi zinabeba chuma kuliko seli nyingine za ubongo, na akiba ya chuma ya mtoto aliyezaliwa kwa wakati inamtosha kama miezi 6. Ndiyo maana mjamzito anapewa kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, na kitovu hakikatwi kabla ya dakika 1. Baada ya miezi 6, uji mtupu hautoshi. Sombe, yaani majani ya mihogo, ina chuma, lakini mwili unakivuta kwa shida, na chai pamoja na chakula inazidi kukizuia. Samaki wadogo wa sambaza, waliosagwa pamoja na vichwa, ni bora zaidi, tena wana vitamini B12, ambayo haipatikani kwenye majani wala mihogo. Mama asiyekula kabisa kitu cha mnyama anaweza kunyonyesha maziwa yenye B12 kidogo mno. Mtoto anakua vizuri miezi ya kwanza, kisha analegea, anaacha kucheka, anasahau alichokwisha kujua. Kupoteza ujuzi ni tofauti na kuchelewa, na hapo usingoje mwezi ujao.

Ujana nitaupitia haraka. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima madhara kabla ya kutenda, inaendelea kuvikwa hata baada ya miaka 20. Sheria yetu inahesabu utu uzima kuanzia 18. Ubongo hausomi gazeti rasmi.

Kisha utando unaanza kupungua. Watafiti wa Denmark mwaka 2003 walikadiria kwamba nyuzi zilizovikwa za ubongo wa mwanaume wa miaka 20, zikiungwa moja kwa moja, zina urefu wa kilomita 176,000. Akiwa na miaka 80, zimebaki kama 97,200. Mwili unajaribu kuvika upya, lakini utando mpya ni mwembamba na vipande vyake ni vifupi, hivyo ujumbe unakawia.

Kwa mzee, anza na nyayo. Huenda tumbo lake halina tena asidi ya kutosha kutoa B12 kwenye chakula, hata akila samaki kila siku. Akilalamika ganzi miguu yote miwili, asipewe asidi ya foliki peke yake: damu itaonekana imepona huku ugwe wa mgongo unaendelea kuharibika. Msimamishe miguu pamoja, macho wazi, kisha afumbe. Akianza kuyumba baada ya kufumba tu, miguu haimwambii tena ilipo, alikuwa anajishikilia kwa macho. Wakati wa kumpima simama karibu, mikono imenyoshwa mbele na nyuma yake bila kumgusa. Na usiku, kwenye ngazi hizi za udongo za mlimani, tochi ikae chini ya mto wake.