Sambusa ndani ya Ganda la Karanga: Injini ya Rota kwenye MGB GT ya 1971

Sindano ya geji ya kompresheni, kipimo cha nguvu ya injini kubana hewa, iliruka mara mbili kwa nguvu, na mara ya tatu ikanyanyuka kidogo tu kisha ikaanguka, kama mtu aliyeishiwa pumzi. Fundi wangu, mzee ambaye amekuwa akitengeneza magari mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tangu kabla sijazaliwa, alimwashiria kijana aliyekuwa akipiga stata aache, akaifuta geji kwa kitambaa, akaifunga upya kwenye tundu la plagi, na tukarudia. Mbili kubwa, moja ndogo. Hakuwahi kufungua injini ya namna hiyo maishani mwake, lakini nilikuwa nimemweleza inavyofanya kazi, na masikio na macho yake yalitosha kumalizia yaliyobaki. "Mwanangu," akasema, "hii imekufa ubavu mmoja. Rudisha." Nilikuwa nimeilipia injini hiyo siku mbili kabla, nikitaka kuifunga kwenye gari langu la zamani la Kiingereza, kwa neno la muuzaji aliyeniapia kwamba ilitoka kwenye gari linalotembea, na ilinichukua wiki tatu za kufuatilia hadi nikarudishiwa nusu ya fedha zangu. Naanza na kisa hiki kwa sababu kila anayefikiria kununua injini ya rota katika jiji hili anapaswa kukijua kabla hajatoa hata shilingi moja.

Injini ya kawaida ina pistoni zinazopanda na kushuka, na kila silinda hutoa namba moja ya kompresheni. Injini ya rota haina pistoni, haina valvu wala kamshafti. Ndani yake mna kipande cha chuma chenye ncha tatu na mbavu zilizovimba, mfano wa sambusa iliyojazwa vizuri, nacho huzunguka ndani ya chumba chenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili. Ncha zote tatu hugusa ukuta wa ganda muda wote, kwa hiyo kati ya kila ubavu na ukuta hubaki nafasi inayopanuka na kusinyaa: hapa inavuta hewa na mafuta, pale inabana, mbele kidogo plagi zinawasha, kisha moshi unasukumwa nje. Mbavu tatu hufanya kazi hizo kwa kupokezana, na shafti kuu huzunguka mara tatu kila rota inapomaliza mzunguko mmoja, ndiyo maana injini inaweza kusoma mizunguko 9,000 kwa dakika huku rota zenyewe zikizunguka mara 3,000 tu.

Basi tundu moja la plagi hupitiwa na vyumba vitatu, na geji ya kawaida, ambayo ina kivalvu kidogo kinachozuia mgandamizo usirudi nyuma, itakuonyesha chumba chenye nguvu kuliko vyote na kukuficha vingine viwili. Ni lazima kivalvu hicho kitolewe, injini ifungwe na gia boksi yake ili stata ipate mahali pa kushika, kisha uangalie sindano inavyodunda: tatu, tatu, tatu, kwa kimo kinacholingana. Kwa injini ya Renesis, ambayo Mazda walianza kuifunga kwenye gari lao la RX-8 mwaka 2003, kiwango cha chini kinachokubalika ni kilopaskali 680 shafti ikizunguka mara 250 kwa dakika, na tofauti kati ya mbavu za rota moja haipaswi kuzidi 150. Injini ya pili niliyoinunua, kutoka kwenye RX-8 iliyogongwa nyuma, nilikataa kuilipia mpaka sindano ilipodunda hivyo mbele ya macho yangu kwa rota zote mbili.

Kinachokufa katika injini hizi, mara nyingi, ni vipande vyembamba vya chuma vilivyochomekwa kwenye kila ncha ya rota, ambavyo mimi naviita sili za ncha. Wahandisi waliihangaikia sehemu hiyo kwa miaka. Felix Wankel, Mjerumani, aliiona injini yake ya majaribio ikiwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU, lakini Mazda walipochukua leseni mwaka 1961 walikuta sili zikitetema na kuuchora ukuta wa ndani mistari kama ya kucha, na wakaiita mistari hiyo makucha ya shetani. Kikosi kilichoongozwa na Kenichi Yamamoto kule Hiroshima kilipata jawabu kwa sili za kaboni iliyonyweshwa alumini, na mwaka 1967 likatoka gari la Cosmo Sport lenye rota mbili. Nilipokuwa nimeshika mkononi sili iliyokatika kutoka kwenye ile injini ya kwanza, nyembamba kiasi cha kupita kwenye mpasuo wa mlango, nilielewa kwa nini watu wale walitoa miaka sita ya maisha yao kwa kipande hicho.

Gari lenyewe ni MGB GT ya 1971 niliyoinunua kwa familia moja ya Upanga. Lilikuwa limekaa chini ya paa la mabati miaka mingi baada ya konrodi moja, fimbo inayoshika pistoni, kukatika na kutoboa ubavu wa bloku, hivyo injini yake ya asili ya sentimita za ujazo 1,798 haikuwa ya kukarabati. Bodi ilikuwa imeshambuliwa na kutu ya chumvi kama magari yote yanayolala karibu na bahari, lakini mihimili ya chini ilikuwa mizima. Wapo watakaosema, na wengine wamekwisha kuniambia usoni, kwamba gari la namna hii lapaswa kubaki kama lilivyotoka kiwandani. Nawaelewa, na hoja yao haikuniacha salama. Kwa hiyo nilijiwekea sharti moja kabla ya kugusa bolti yoyote: hakuna kitakachokatwa kwenye bodi ambacho kitaizuia injini ya asili isirudi mahali pake siku bloku nzima itakapopatikana.

Sikuichagua rota kwa ajili ya nguvu za farasi, ingawa inazo za kutosha. Niliichagua kwa umbo lake. Injini ya asili ni ndefu, imetengenezwa kwa chuma kizito, na sehemu kubwa ya uzito wake hukaa juu ya magurudumu ya mbele. Injini ya rota mbili ni fupi kiasi kwamba unaweza kuikumbatia, na tulipozipima zote mbili kwenye mizani ya muuza chuma chakavu, tofauti ilizidi kilo 30. Zaidi ya wepesi huo, ufupi wake unairuhusu irudishwe nyuma kuelekea ukuta wa dashibodi na kushushwa chini, na hapo ndipo gari dogo linapobadilika tabia.

Kuipatia mahali pake kulichukua muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Mzee alikataa katakata kuning'iniza injini yenyewe kwa winchi na kuijaribisha kila siku, akasema itamponda mtu. Nilikwenda Keko kwa seremala, nikampa vipimo vya urefu, upana, sampo, mahali pa ekzosti na mahali pa stata, naye akanitengenezea injini ya mbao za mkongo. Kwa wiki mbili tuliiingiza na kuitoa injini hiyo ya mbao kwa mikono yetu, tukiipunguza hapa kwa randa na kuiongezea pale kwa kipande cha plaiwudi, tukitia alama kwa chaki mahali ambapo shafti ya usukani ilituachia upana wa vidole viwili tu, mpaka tukafahamu kwa hakika ya milimita mauntingi, yaani vishikizi vya injini, zikae wapi. Ndipo fundi wa kuchomelea alipoitwa. Mauntingi zote zimeshikwa kwa bolti kwenye matundu yaliyokuwepo tangu kiwandani.

Gia boksi ilileta fumbo lake. Kwenye RX-8, gia boksi na difu vimeunganishwa kwa fremu ndefu ya chuma, kwa hiyo gia boksi haina mahali pa kuegemea kwa nyuma kama tulivyozoea kwenye magari mengine. Tulilazimika kuibunia mhimili wa kuvuka chini ya sakafu, wenye raba mbili zilizotoka kwenye gari dogo la mizigo. Nashukuru kwamba MGB za baada ya 1967 zilipanuliwa handaki la gia boksi, maana kwenye ile ya zamani nisingethubutu. Hata hivyo lilibana sehemu moja, na hapo tuligonga bati kwa nyundo na kipande cha gogo, tukaliongeza upana wa kidole. Sharti langu nadhani halikuvunjika, ila sikulala vizuri usiku ule. Propela shafti iliunganishwa na mkereza vyuma kutoka nusu mbili, mbele Kijapani na nyuma Kiingereza, kisha ikasawazishwa. Difu ya asili, yenye uwiano wa 3.909, tuliiacha ilivyo, nayo imekubaliana vizuri na injini inayopenda kuzunguka kwa kasi.

Suala la waya nalipita haraka. Renesis hufungua hewa kwa umeme, si kwa kebo, hivyo huwezi kuiwasha bila kontroli boksi inayoifahamu, na niliagiza ya kujitegemea kutoka nje badala ya kupambana na kinga ya wizi ya RX-8. Kuhusu kadi ya gari, namba na ujazo wa injini vimeandikwa humo, kwa hiyo atakayebadilisha injini apeleke gari likakaguliwe na taarifa zirekebishwe kabla hajaingia barabarani. Kwenye ukaguzi niliulizwa mara tatu kama kweli nguvu ile inatoka kwenye sentimita za ujazo 1,308.

Joto ndilo lililotaka kutushinda. Watu wengi wanadhani kazi imekwisha injini ikishakaa na kunguruma, lakini rota hutoa joto jingi sana, tena hulitoa upande mmoja wa ganda, kule kunakowakia mafuta, huku upande mwingine ukibaki wa baridi kwa sababu hewa mpya huingilia huko. Maganda ni ya alumini, mabamba yaliyoyabana ni ya chuma, na vyote vimeshikwa pamoja kwa bolti ndefu kama matabaka ya mkate. Gari likichemsha mara moja tu, metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti na mipira inayozuia maji huharibika. Zaidi ya hayo, rota zenyewe hazipozwi kwa maji bali kwa oili, kwa hiyo kipoza oili si cha mapambo.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuviweka vipoza oili viwili mbele ya rejeta, kwa sababu nafasi ilikuwepo na bomba zilikuwa fupi. Barabara ya Bagamoyo ikiwa wazi, geji ya joto ilitulia. Jioni moja ya mwezi Machi, hewa ikiwa nzito kabla ya mvua, nilikwama kwenye foleni ya makutano ya Morocco kwa takriban dakika 40, na nikaiona sindano ikipanda taratibu bila kurudi. Oili ya moto ilikuwa ikiipasha hewa kabla haijafika kwenye rejeta, na feni zilikuwa zikivuta hewa iliyokwisha kuchoka. Nilizima injini kabla haijafika pabaya, nikalisukuma gari pembeni kwa msaada wa vijana wawili wa bodaboda, na nikakaa pale mpaka usiku ulipopoa. Kesho yake tulivihamisha vipoza oili, kimoja kila pembe chini ya bampa, kila kimoja na njia yake ya hewa ya bati, tukaziba kila mwanya kuzunguka rejeta kwa vipande vya sponji ili hewa isipate pa kukimbilia isipokuwa katikati yake, na tukaongeza feni ya pili. Tangu hapo nimekwama Ubungo, nimekwama Mwenge saa nane mchana, na sindano haijavuka katikati.

Na uendeshaji? Pua ya gari imekuwa nyepesi, usukani unaitikia bila kubishana, na kwenye kona za barabara ya kuelekea Bagamoyo gari linageuka kana kwamba limefungwa katikati kwa msumari. Chini ya mizunguko 3,000 injini ni mpole, hata mvivu, na mtu aliyezoea dizeli atavunjika moyo. Ikivuka 6,000 inakuwa kitu kingine kabisa, bila mtikisiko, kwa sauti moja inayopanda hadi unapolazimika kukumbuka kubadili gia. Mafuta inakunywa, hilo silifichi: mjini napata kilomita sita au saba kwa lita. Injini yenyewe hunyunyiza oili kidogo ndani ya vyumba vyake kwa ajili ya sili za ncha, nami huongeza mililita 100 za oili ya tu-stroku kwa kila lita 20 za petroli, kwa kikombe cha dawa ya mtoto ambacho hukaa kwenye mlango. Kila kituo cha mafuta mhudumu huniuliza, "Kaka, hii ni gari au ni pikipiki?", na mara nyingi humfungulia boneti nikamwonyesha.

Bloku ya asili niliipata hatimaye kwa mtu mmoja wa Moshi, nzima, isiyo na ufa. Imefika kwa basi, imepakwa grisi na kufungwa kwa turubai, na iko juu ya mbao ndani ya stoo ya Mzee. Mauntingi za zamani zimefungwa kwa waya ubavuni mwake, na bolti zake ziko ndani ya kopo la maziwa, kila moja na kipande cha karatasi kinachosema inarudi wapi.