Goti la binti yangu na mistari ya penseli mlangoni

Mwezi wa pili binti yangu alianza kushuka ngazi akishika ukuta. Ana miaka 11, na tangu akiwa na miaka 7 anafanya jimnastiki katika ukumbi mmoja hapa Kisumu, magodoro membamba yakiwa yametandikwa juu ya saruji. Nilidhani ameanguka. "Sikuanguka, Mama. Linauma nikiruka, na nikipiga magoti kanisani."

Nikampapasa. Pia ya goti haikuwa na neno. Chini yake kidogo, pale ugoko unapoanzia, palikuwa na kinundu kigumu kama kokwa ya zambarau. Nilipokibonyeza alivuta mguu, machozi yakamlengalenga. Na mtoto huyu ndiye mzazi mwenzangu mmoja alikuwa amemwita mvivu! Neno lile lilinikaa rohoni wiki nzima.

Daktari aliuliza kama maumivu humwamsha usiku, kama ana homa, kama goti limevimba lote. Akamzungusha na nyonga, maana nyonga mbovu huweza kuumia gotini. Mzazi, ukiona mojawapo ya hayo, au mtoto anachechemea hata siku asizofanya mazoezi, usingoje. Yake ilikuwa hali ya goti iitwayo Osgood-Schlatter, iliyopewa jina la madaktari wawili walioieleza mwaka 1903. Mtoto anaporefuka upesi, msuli wa mbele ya paja hubaki umekaza. Kila akiruka, msuli huvuta kano, na kano huvuta kichwa cha ugoko, ambacho katika umri huu bado hakijakomaa kuwa mfupa mtupu.

Nilirudi nyumbani nikatazama mlango wa jikoni tunapompimia kimo. Tangu Krismasi, mstari wa penseli ulikuwa umepanda sentimita 4.

Niliogopa kuambiwa aache kabisa. Tuliambiwa apunguze. Nikamwendea kocha: "Mwalimu, naomba tuhesabu miruko yake." Aliniitikia vizuri. Wiki sita hakuruka wala kutua kwa kishindo. Alifanya kazi ya vyuma vya kuning'inia, kusimama kwa mikono, tumbo na mgongo. Niliomba pia ile adhabu ya kuruka kichura kwa wanaochelewa iondolewe, kwa watoto wote. Hapo tulivutana kidogo, lakini iliondolewa. Sijui adhabu nyingine inayolionea goti la mtoto kama ile.

Kipimo chetu ni asubuhi. Akiamka goti limetulia, jana ilikuwa sawa. Likiwa bado linauma, tulizidisha, na siku hiyo haruki. Jioni baada ya mazoezi naweka chupa ya nusu lita ya maji yaliyoganda, naizungushia leso, dakika 15. Jirani yangu mwenye duka hunigandishia kwenye friji yake ya soda, Mungu ambariki. Kisha binti hunyoosha paja polepole, bila kulazimisha.

Sasa ni mwezi wa nane. Ameanza tena kuruka, mara kumi kwa siku, nyanya yake akihesabu kwa sauti kutoka kwenye benchi. Kinundu kipo, na daktari anasema huenda kikabaki hata maumivu yakiisha atakapomaliza kurefuka. Kanisani anapiga magoti juu ya leso iliyokunjwa mara nne.