Siku niliyoishusha Lexus RX 450h mteremko wa Kitonga

Gari lilikuwa Lexus RX 450h ya mwaka 2011, haibridi, yaani linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, limetoka Japani likiwa tayari limetumika, likatumika tena Iringa. Kazi yangu ilikuwa kulikagua na kulifikisha Morogoro kwa mtu aliyetaka kulinunua. Mwenye gari, mzee mstaafu, alinikabidhi ufunguo asubuhi, Iringa ikiwa bado na baridi yake.

Sikuanza na boneti, nilifungua mlango wa nyuma. Betri kubwa ya volti 288 imelazwa chini ya kiti cha abiria wa nyuma, na hupozwa na hewa ya ndani ya gari inayovutwa na feni kupitia matundu yaliyo chini ya kiti hicho. Vumbi, nywele za mbwa, begi lililosukumwa pale, vyote huziba hewa. Betri inachemka, na seli zinaanza kufa moja moja. Nilimulika kwa tochi nikakuta wavu umeshika utando wa kijivu. Nikausugua kwa mswaki mkavu hadi matundu yakaonekana.

Kisha nikachomeka kisomaji cha OBD2, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, na kufungua programu kwenye simu. Seli moja ya betri hii ni volti 1.2, kwa hiyo fungu la seli likiwa nyuma ya wenzake kwa zaidi ya volti moja, hesabu kwamba kuna seli iliyokufa ndani yake. Lakini usilipime gari likiwa limetulia tu, maana betri mbovu hujificha hapo. Kanyaga breki kwa nguvu, weka D, gusa mafuta ili injini ichaji. Ukiachia, washa kiyoyozi hadi mwisho betri ishuke. Betri iliyochoka hujaa haraka na kuisha haraka. Hii ilipanda na kushuka taratibu, mafungu yote yakienda pamoja.

"Mwanangu, nikifungua mlango kuna kitu kinanguruma. Kinanitia wasiwasi," mzee akasema.

"Hiyo ni pampu ya breki, mzee wangu. Inajaza presha kabla hujaondoka. Ikinguruma kila baada ya sekunde chache hata hujagusa breki, hapo ndipo uogope."

Nilikanyaga breki, nikabonyeza POWER, taa ya READY ikawaka. Kwa ile baridi injini ikajiwasha kupasha moto ekzosi, kisha ikazima yenyewe. Gari hili halina stata wala alteneta. Mota ya umeme hufanya kazi zote mbili. Tulitoka mjini kimya kabisa, nikisikia matairi na kokoto tu. Barabara kuu ilipofunguka nikakanyaga: injini ya V6 ya lita 3.5 pamoja na mota hutoa nguvu za farasi 299, na lori lililokuwa mbele likabaki nyuma bila gari kushtuka. Mlio wa injini hupanda na kubaki palepale, kwa kuwa hakuna gia za kubadilika. Atakayedhani gia inateleza, hapana, ndivyo ilivyoundwa.

Ila mimi nilikuwa naisubiri Kitonga. Haibridi hujulikana kwenye mteremko kuliko kwenye mlima, kwa sababu hapo mota hugeuka jenereta ikilizuia gari, na betri inapokea umeme mwingi kwa muda mfupi. Tulipoanza kushuka, mshale ukaangukia CHG, yaani chaji, na mistari ya chaji ikapanda kona baada ya kona. Betri ilipojaa, kompyuta ikakataa kupokea zaidi. Mguu ukahisi kwamba sasa pedi zenyewe ndizo zinazoshika, na gari hili lina uzito wa zaidi ya tani mbili. Nikavuta mkono wa gia kutoka D kwenda S, ambako kompyuta huiga hatua za gia, na kushusha hatua. Injini ikazunguka kwa mlio wa juu, ikilizuia gari bila kuchoma mafuta. Pembeni yetu malori yalikuwa yakinuka breki zilizoungua. Asiyejua S hulaumu breki bure.

Ruaha Mbuyuni nilisimama kando ya wauza vitunguu. Joto la bonde lilikuwa kali, feni ya betri ikivuma chini ya kiti, na vihisi vya joto vya betri vikipishana nyuzi chache tu. Nilifungua boneti: kopo dogo la kulanti, yaani maji ya kupozea, lile la inverta inayogeuza umeme wa betri uwe wa mota, lilikuwa chini ya alama. Nikaongeza kulanti ya waridi. Maji ya bomba huacha chumvi kwenye njia nyembamba, na inverta ikiungua gharama yake ni kubwa mno.

Ndani ya hifadhi ya Mikumi, ambako mwendo ni kilomita 50 kwa saa, injini ilizima mara nyingi gari likisukumwa na umeme mtupu. Hapo ndipo gari hili linapendeza kuliko yote.

Morogoro nilimwandikia mnunuzi: betri kubwa nzima, safisha wavu kila unapofanya sevisi, badilisha kulanti yote ya inverta, betri ndogo ya volti 12 imechoka, nunua mpya kabla gari halijagoma kuwaka, redio ya Japani inaishia 90 MHz, hivyo inahitaji kigeuza masafa, na fundi yeyote asiguse nyaya za rangi ya chungwa, za umeme mkubwa, kabla ya kuchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kusubiri dakika 10.