Iliki juu ya kahawa na aiskrimu

Jamani wapenzi wa kahawa, nimepata ninachokitaka. Kuna kitindamlo cha Kiitaliano kinaitwa affogato: aiskrimu ya vanila unaimwagia kahawa nzito ya moto, basi. Hapa Kigoma nakitengeneza kwa arabika ya Kalinzi, na nilikuwa natafuta kiungo cha kumalizia juu.

Mdalasini nimeuweka pembeni, unga wake hauyeyuki, unabaki ulimini. Kungumanga ni nzuri ukiikwangua papo hapo, ila ikizidi kidogo tu inaleta uchungu.

Iliki ndiyo yenyewe! Lakini siyo ya unga wa pakiti. Chukua iliki nzima yenye ganda la kijani, ipasue, toa zile mbegu nyeusi zinazonatanata, zitwange wakati kahawa inachemka. Harufu iko kwenye mafuta yake, na zikishatwangwa haichelewi kupotea. Nyunyiza kidogo sana, cha kushika kwa vidole viwili, baada ya kumwaga kahawa. Mvuke unaileta puani kabla kijiko hakijafika mdomoni. Dada yangu wa Ujiji, mtu wa kahawa chungu na kashata, alikomba bakuli lote!

Mkienda sokoni mwombeni muuzaji awapasulie moja mnuse. Mbegu zikiwa kavu na zimepauka, msinunue.