Futi yangu ya cherehani na milioni 40 za madarasa

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko kijijini, wilaya ya Newala, mkabala na ofisi ya mtendaji, na ukaribu huo ndio ulioniponza. Mwezi wa 10 mwaka 2021 mtendaji alitoka nje akanikuta nimeinamia sketi ya shule, akasimama akaniangalia kama mtu anayepima kuku sokoni. "Mama fundi, wewe kila siku upo hapa. Utaingia kamati ya mapokezi." Nikacheka. Kwenye mkutano wa kijiji jina langu likapita bila kupingwa, kwa sababu nusu ya watu wanaopenda kupinga walikuwa mashambani wanaokota korosho.

Kamati hiyo ilikuwa ya ujenzi wa madarasa kwa fedha za UVIKO-19. Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, Rais Samia akazindua mpango wenyewe Dodoma tarehe 10 Oktoba, na sehemu yake ikaelekezwa kwenye madarasa 15,000, kati yake 12,000 ya sekondari. Sekondari yetu ya kata ilipata mawili. Milioni 20 kila darasa, humo humo na viti na meza. Yaishe mwisho wa Desemba, watoto wa kidato cha kwanza wakija Januari wasikae chini ya mwembe. Isitoshe, waliochukuliwa darasa la kwanza mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, walikuwa wameshafika darasa la sita, na kila aliyekuwa na mtoto shuleni aliona wimbi lile linavyosogea.

Hakukuwa na mkandarasi. Mfumo ulikuwa fosi akaunti: hela inaingia akaunti ya shule, kijiji kinatafuta fundi wake, na kazi inagawanywa kwa kamati tatu. Manunuzi wanatafuta bei, ujenzi wanamsimamia fundi, mapokezi wanahesabu kinacholetwa. Nilidhani tumepewa kazi nyepesi kuliko wenzetu. Yule mhasibu aliyekuja kutuelekeza akanitoa usingizini: "Mzabuni halipwi mpaka nyie muandike kwamba mmepokea. Sahihi yenu ndiyo inayotoa hela benki." Baada ya hapo akala wali wetu akaondoka.

Wiki ya kwanza niliharibu. Tripu mbili za mchanga ziliingia mchana, nina wateja watatu kibandani, dereva ananiharakisha. Karatasi ilisema meta za ujazo 7 kila tripu, jumla 14. Nikasaini. Siku mbili baadaye mhandisi alipita, akalizunguka lile fungu la mchanga, akaniuliza kwa upole ambao ulinichoma kuliko kufokewa: "Mama, hapa kweli ipo 14?" Mimi sikujua 14 inafananaje. Akachukua kijiti akanichorea ardhini: urefu mara upana mara kimo. Nikamwambia hilo mbona nalijua, ndivyo ninavyokata kitambaa, kasoro kile kimo.

Tripu iliyofuata nilitoka na futi yangu ya kupimia nguo shingoni. Ina sentimita 150 tu, kwa hiyo bodi la lori nililipima kwa vipande, naweka alama ya chaki ya kitambaa, nasogea, naweka nyingine. Urefu 4.2. Upana 2.1. Nikapanda juu, nikachomeka fimbo kwenye mchanga sehemu tano, kwa sababu katikati ulikuwa umevimba kama maandazi na pembeni umebonyea. Wastani wa kimo 0.6. Vijana wa chini wananicheka, sketi nimeibana kwa pini. Hesabu ikaja 5.29.

"Njomba," nikamwambia dereva, "hii ni tano na kidogo. Naandika 5.3."

"Dada, mchanga unashuka njiani. Barabara ya kwetu si unaijua? Tulipakia saba."

"Basi hiyo iliyoshuka mkaidai barabara."

Alipiga simu kwa bosi wake, bosi akampigia mwenyekiti wa manunuzi, mwenyekiti akanipigia mimi. Mimi nikampigia mhandisi, akasema andika ulichopima. Lori likakaa saa nzima na mzigo wake. Mwishowe dereva akashusha, nikaandika 5.3 kwa kalamu ya wino, naye akasaini pembeni. Zile tripu mbili za mwanzo hatukuzirudisha, saini yangu ilikuwa imeshakula. Ninachoweza kusema ni kwamba baada ya siku ile malori yalianza kuja yamejaa, mengine mpaka yanavuka bodi, na madereva wenyewe wakawa wanauliza: yule mama wa futi yupo leo?

Nilinunua daftari la kurasa 200 nikalichora safu sita: tarehe, kitu, kilichoandikwa kwenye karatasi ya mzabuni, nilichohesabu mimi, saini yake, saini yetu. Halmashauri walikuwa na fomu zao, nazo tulizijaza, ila fomu haikuwa na nafasi ya kuandika tofauti ya hivyo viwili, na habari yote iko kwenye tofauti.

Sasa maji. Asiyeijua Newala anaweza kudhani natia chumvi. Tuko juu ya uwanda wa Makonde, maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, na bomba likikauka tunategemea visima vya uani tunavyojaza kwa mvua ya paa. Oktoba visima viko chini kabisa, unasikia ndoo inakwangua sakafu. Na tofali za saruji zinataka kumwagiwa asubuhi na jioni, la sivyo zinapasuka kama biskuti. Bajeti ya maji kwenye makadirio iliisha kwa maboza machache tu. Aliyeandika yale makadirio nadhani alikuwa anaishi karibu na mto.

Ikaja hoja kwamba kila kaya ilete ndoo. Mkuu wa shule akatoka jasho. Tangu Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango mashuleni, neno mchango kwa mwalimu mkuu au mkuu wa shule ni kama neno nyoka. Na mzee mmoja alisimama mkutanoni akasema waziwazi, "Tumeambiwa bila malipo. Leo ndoo, kesho mfuko wa saruji. Mtoto wangu akirudishwa nyumbani kwa ajili ya ndoo nitakwenda mpaka kwa mkuu wa wilaya." Watu wakamguna, ila mimi nilimwona ana haki. Nimeshashona sare za watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa mia tano ya mlinzi.

Tulichofanya ni kuiondoa shule kabisa kwenye hilo jambo. Maji yakawa kazi ya serikali ya kijiji, vitongoji vinapokezana siku, anayeleta analeta, na hakuna orodha ya majina wala mtoto kuulizwa darasani. Mimi ndiye niliyekataa orodha. Mtendaji aliitaka sana, nikamwambia ukishaandika majina umeshatengeneza deni. Vitongoji viwili vilileta maji mpaka tukakosa mapipa. Cha tatu kilileta ndoo sita kwa siku mbili na mengine maneno. Yule mzee, kwa taarifa yenu, alileta na punda.

Korosho ndiyo ilikuwa mtihani. Oktoba hadi Desemba huku kwetu ndiyo msimu, ndiyo mwaka wenyewe. Kila mwenye mikono yuko chini ya mkorosho, na kila lori lililo zima linabeba magunia kwenda maghalani. Mwenye lori alinijibu bila hata aibu kwamba mzigo wa korosho unamlipa vizuri kuliko kokoto za kutoka Masasi, nami sikuwa na cha kumjibu. Saruji nayo ikapanda. Kiwanda tunacho humu humu mkoani, ila nchi nzima ilikuwa inajenga mwezi mmoja, na nondo na bati zikafuata njia hiyo hiyo. Bei waliyoileta manunuzi Jumatatu, Ijumaa ilikuwa imeshakufa.

Saidia fundi walipungua kutoka kumi na wawili mpaka wanne. Fundi mkuu akataka kusimamisha kazi. Kilichotuokoa ni jambo ambalo mkulima yeyote wa huku analijua: korosho inatoa hela nyingi, lakini haitoi leo. Unapeleka chama cha msingi, unasubiri mnada, unasubiri mnunuzi alipe, makato yanakatwa, ndipo hela inaingia benki, na hapo katikati watoto wanakula. Tukakubaliana na fundi mkuu kwamba malipo yake yagawanywe awamu ndogo ndogo, na yeye awalipe vijana wake kila Jumamosi mkononi. Na kazi ya kuchanganya zege ikahamia saa nane mchana mpaka giza, baada ya watu kutoka kuokota. Jumamosi ya kwanza walirudi watano, iliyofuata tukawa tunawakataa.

Hapa niseme kosa langu la pili, maana la kwanza limeshasimuliwa kijiji kizima. Nilikuwa nimeweka sheria ya stoo: fundi hachukui mfuko wa saruji mpaka arudishe mtupu. Naamini kila stoo ya ujenzi ingefanya hivyo, maana saruji inaibiwa kwa mfuko mzima, si kwa kijiko. Ijumaa moja nikahesabu: iliyotoka 118, mitupu iliyorudi 109. Tisa haipo. Kuna kijana alikuwa anajenga choo kwao, na mbele ya wenzake nikamuuliza saruji ya choo ameitoa wapi. Hakujibu. Aliweka koleo chini akaondoka.

Jumapili nilipita shambani kwa dada yangu. Chini ya mkorosho wake kuna mifuko miwili ya saruji imejaa korosho, imefungwa kwa kamba ya katani. Wapwa zangu walikuwa wameichukua penye zege kwa sababu ni migumu na haitoboki. Nilizunguka mashamba ya jirani jioni ile nikapata mingine saba, yote imebeba korosho za watu. Saruji yote ilikuwa ukutani. Nilikwenda kwa yule kijana usiku, nikamkuta na mama yake wanakula, nikaomba radhi hapo hapo mbele ya mama, maana nilimfedhehesha mbele za watu. Mama yake akanikaribisha ugali. Kijana alirudi Jumatatu lakini mpaka leo ananisalimia kwa ufupi.

Kuezeka kulikwenda haraka, sina la kusimulia. Viti na meza vilikuja vya mbao mbichi kidogo, tukarudisha vinne vilivyokuwa vinacheza miguu. Desemba 31 ilitukuta bado rangi na madirisha ya darasa la pili, na kuna siku tatu tulikuwa tunapigiwa simu kila asubuhi kuulizwa asilimia. Asilimia ya dirisha sikuijua, nikawa nasema 95 kila siku mpaka vioo vilipoingia, na wanafunzi walipofungua katikati ya Januari harufu ya rangi ilikuwa haijaisha.

Mkaguzi alikuja miezi michache baadaye, kijana mpole mwenye kompyuta mpakato. Alipitia fomu za halmashauri kwa muda mfupi, akauliza kama kuna kumbukumbu nyingine. Nikampa daftari. Alikaa nalo kibandani kwangu karibu saa mbili, kwenye kile kigoda cha wateja, akaniuliza kuhusu zile 14 za mwanzo. Nikamweleza kama ilivyokuwa, kwamba nilisaini bila kupima. Akaandika, na sikusikia tena. Futi yenyewe niliiweka pembeni: mchanga umefuta namba kati ya 55 na 70, hapo hapo penye viuno vya watu, na mpya nilinunua kwa hela yangu.

Kamati hailipwi. Nilipoteza oda za sare za Desemba, mwezi ambao fundi anakula, na mume wangu aliniuliza mara mbili kama nimeajiriwa. Hata hivyo ilipokuja habari ya jengo jingine, mtendaji mpya alivuka barabara akaniita kwa jina lile lile, mama wa futi. Nikamuuliza hela inaingia lini. Akasema wanatarajia Oktoba. Nikamwambia awaandikie waliko, waulize kama Aprili haiwezekani, mimi nitakuwa tayari hata kesho yake.

Akaandika kwenye simu yake. Sijui kama alituma.