Futi 78 juu ya mnara

Jana usiku hapa Entebbe nilikuwa nafanya zoezi la kukokotoa kimo cha chini kabisa ambacho rubani anaweza kushukia kwa kutegemea vyombo kabla hajaiona njia ya kutua. Mtambo wa kuongozea ndege katika zoezi hilo hautoi mwongozo wa mteremko wa kushuka, kwa hiyo juu ya kizuizi kirefu zaidi kwenye hatua ya mwisho unaongeza mita 75, yaani futi 246.

Kizuizi cha zoezi kilikuwa mnara wa futi 300. Nikajumlisha: 546. Nikafurahi.

Mwalimu akauliza tu, "Mnara umesimama wapi?" Umesimama kilimani, futi 3,950 kutoka usawa wa bahari. Kilele ni 4,250, ukiongeza 246 ni 4,496, inapandishwa hadi 4,500. Uwanja wetu uko futi 3,782, basi kimo sahihi juu ya uwanja ni 718.

Kwa 546 yangu juu ya uwanja, ndege ingepita futi 78 tu juu ya mnara, ndani ya ukungu wa ziwa, abiria wamefunga mikanda wakiniamini. Nililala nimechelewa sana. Leo asubuhi nimerudia mahesabu yote ya wiki, moja moja.