Kwa treni hadi Kottakkal, kufuata mafuta ya ufuta

Treni niliyopanda Aluva ilipita Thrissur, ikavuka mto Bharathapuzha karibu na Shoranur, kisha ikageuka kuelekea pwani. Mvua haikukatika njia nzima. Watalii wengi huja Kerala, jimbo la kusini mwa India, Desemba na Januari kuikimbia mvua hii, lakini mwenyeji anayetaka tiba ya mafuta hungoja Karkidakam, mwezi wa Kimalayalam unaoanza katikati ya Julai. Hewa huwa na unyevu, jua halichomi, na waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, hushikilia kuwa huo ndio wakati mwili unapopokea mafuta vizuri. Nilishuka Tirur, pale ilipoanzia reli ya kwanza ya Kerala mwaka 1861, nikamalizia kwa basi.

Kottakkal ni mji wa dawa. P. S. Varier alianzisha hapa Arya Vaidya Sala mwaka 1902, na tangu hapo jina la mji na la tiba yameshikamana. Mimi nilikaa wiki moja kwenye zahanati ndogo ya kando, ambako daktari alikubali nitazame kazi tangu jikoni.

Na jikoni ndiko kwa kuanzia. Mafuta yanayotumika sana kwa wahaka, kukosa usingizi na kiwewe ni kshirabala. Kshira ni maziwa, bala ni mmea ambao watu wa Kerala huuita kurunthotti. Kanuni ya jumla ya kupika mafuta ya dawa ni hii: sehemu 1 ya mmea uliosagwa ukawa tope laini, sehemu 4 za mafuta, sehemu 16 za vimiminika. Hapa mafuta ni ya ufuta, na vimiminika ni maji ya mmea uleule uliochemshwa, pamoja na maziwa. Moto ni mdogo, na mwiko hautoki sufuriani, kwa sababu maziwa hushika chini upesi, na yakishaungua harufu ile haiondoki tena.

Mpishi hapimi kwa saa. Alichota tope kidogo, akalisokota kati ya kidole gumba na cha shahada. Lilipokuwa bado linanata vidoleni, alirudisha mwiko. Baadaye likasokoteka likawa kama utambi, akalitupa motoni: likawaka kimya. Likitoa mlio wa kupasuka-pasuka, maji bado yamo, na mafuta yenye maji huchacha chupani. Wakati huohuo povu hupanda juu ya mafuta. Hapo huepuliwa na kuchujwa mara moja. Ukichelewa, moto uliobaki ndani ya sufuria unaendelea kupika.

Chumba cha tiba kina droni, kitanda kizito cha mbao chenye kingo zilizoinuka na mfereji wa kukusanya mafuta. Kwanza mgonjwa huchuliwa mwili mzima na watu wawili, mmoja kila upande, mikono yao ikienda sawasawa. Wanawake huchuliwa na wanawake, wanaume na wanaume. Mikono hiyo ikipishana, mwili hauachi kuwa macho. Ndipo huja shirodhara, yaani kumimina mafuta kwenye paji la uso.

Chungu hubeba kama lita 2. Kina tundu chini, na ndani yake hufunikizwa kifuu cha nazi kilichotobolewa, utambi wa nyuzi za pamba ukipita katikati ya matundu yote mawili. Ncha ya utambi hukaa vidole vinne juu ya paji. Ukiinua chungu zaidi, uzi wa mafuta hugonga badala ya kuteleza, na mgonjwa huamka na kichwa kinachouma. Kitambaa kilichosokotwa hufungwa juu ya nyusi ili mafuta yasiingie machoni. Mafuta huwa ya vuguvugu, hujaribiwa ndani ya kifundo cha mkono, na mchuaji huyumbisha chungu polepole kutoka upande mmoja wa paji hadi mwingine. Mafuta yanayochuruzika kichwani huanguka bakulini. Msaidizi huyapasha kwenye maji ya moto, hayawekwi juu ya jiko moja kwa moja, kisha huyarudisha chunguni. Dakika 30 siku ya kwanza, huongezwa kidogo kidogo hadi 45 au 60, kwa siku 7 au 14.

Makosa niliyoyaona yalikuwa madogo madogo. Feni ya darini iliachwa inazunguka, uzi wa mafuta ukapinda na kuingia sikioni. Siku nyingine msaidizi alichelewa kupasha, chungu kikakauka, na mgonjwa aliyekwisha kutulia akashtuka mzima. Kinachotuliza ni mwendo usiobadilika; ukikatwa ghafla, kazi ya nusu saa inapotea.

Kwa mtu mwenye kiwewe, mambo ni mengine kabisa, na hapa ndipo naona vituo vingi vya watalii vinakosea. Kulala karibu uchi, macho yamefunikwa, mikono ya mtu usiyemjua mwilini: kwa aliyewahi kushambuliwa, hiyo yenyewe inaweza kufufua lile tukio. Daktari wa hapa huanza na nyayo tu, mgonjwa akiwa na nguo zake, ameketi, anauona mlango. Baada ya siku mbili tatu ndipo huulizwa kama yuko tayari kwa kichwa. Pamba ya machoni si lazima. Huafikiana ishara ya kidole, kwa kuwa aliyeganda kwa hofu mara nyingi hawezi kusema, na kidole kikiinuka chungu huondolewa bila kuuliza sababu. Mtu akianza kupumua juu juu au kukaza taya, kazi husimamishwa hata kama ishara haijatolewa.

Daktari huyu hana ahadi za kuponya. Tafiti zilizopo kuhusu shirodhara na wahaka ni ndogo. Dawa za daktari wa akili haziachwi, na mazungumzo na mshauri yanaendelea. Hammiminii mwenye homa, mwenye kidonda kichwani, mjamzito, aliyetoka kula, wala mwenye mzio wa ufuta. Dawa za kunywa ni suala jingine: nyingine huwa na madini ya risasi au zebaki, kwa hiyo uliza kilichomo. Uliza pia kama anayekutibu ana BAMS, shahada ya chuo kikuu ya udaktari wa Ayurveda, ambayo huchukua miaka mitano na nusu pamoja na mazoezi ya kazi.

Baada ya kumimina, kichwa hufutwa, kisha unga wa mitishamba uitwao rasnadi husuguliwa utosini ili mtu asishikwe na mafua. Kisha kupumzika, uji wa wali, na kuepuka upepo, jua kali na usingizi wa mchana. Tiba ya siku 7 hudai siku 7 nyingine za utulivu, na anayepanda ndege kesho yake amejipunja.

Kuoga nako kuna utaratibu wake. Unga wa choroko hupakwa kwenye nywele kavu, zikiwa bado na mafuta, ukasuguliwa mpaka uyanyonye, ndipo maji ya vuguvugu yafuate. Ukitanguliza maji, utasugua mpaka jioni na mto wa kulalia utanuka ufuta wiki nzima.